Ruzuku, bima, sacco au pampu ya mtaa: mwenye nyumba Lamu na Malindi aanzie wapi kujikinga na moto?

Mtu wa California akitaka kubadilisha paa lake lisishike moto wa msituni, huenda akapata serikali ikamchangia gharama. Mtu wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, akitaka jambo hilohilo, kwanza hutazama mfuko wake, halafu hutazama paa la jirani, maana hilo la jirani ndilo litakaloamua kama la kwake litasalimika. Kaskazi ikishaingia, kuanzia Disemba mpaka Machi, makuti hukauka yakawa yanavunjikia mkononi, na jiko moja la makaa likipinduka, mtaa mzima utajua.

Watu wa Faza hawahitaji kuelezwa haya. Mwaka 2009 moto mmoja uliteketeza mamia ya nyumba zao, katika mji wa kisiwani ambao gari la zimamoto likitaka kuufikia lazima kwanza lipande chombo.

Hapa nitaweka njia nne za pesa kando kwa kando: ruzuku ya serikali kwa nyumba mojamoja, kama wafanyavyo Wamarekani, kinga ya kijiji kizima, kama walivyofanya Wajapani, bima, na pesa zetu wenyewe kupitia sacco au chama. Halafu tutapanda juu tulitazame paa lenyewe. Msimamo wangu niuseme mapema, anayetaka kuupinga apate nafasi. Kwenye mtaa wa makuti uliobanana, shilingi ya kwanza isiende kwenye paa lako, iende kwenye kitu mtakachokimiliki pamoja na majirani. Kwenye nyumba ya shambani, iende kwenye ardhi inayoizunguka nyumba. Bima iwe ya kwanza kwa mwenye nyumba ya kukodisha tu.

Ruzuku ya nyumba mojamoja

Mwaka 2019 bunge la jimbo la California lilipitisha sheria iitwayo AB 38, ikazaa mpango wa kuwasaidia wenye nyumba kuziimarisha dhidi ya moto wa msituni. Mpango huo unaendeshwa kwa pamoja na ofisi ya dharura ya jimbo na idara ya zimamoto ya jimbo, CAL FIRE. Ulianzia kwa majaribio katika kaunti za San Diego, Shasta na Siskiyou. Pesa nyingi hutoka FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa. Kwa kawaida ya ruzuku zake za kinga, serikali kuu hubeba hadi asilimia 75 ya gharama, na zilizobaki hutafutwa jimboni au kwingineko. Usidhani mtu hupewa hundi akajinunulie anachotaka. Mkaguzi huja kwanza, huizunguka nyumba, huandika orodha ya kasoro, ndipo mkandarasi aingie. Wenye kipato kidogo walio kwenye maeneo ya hatari hutangulizwa.

Kwetu sisi, orodha ile ya kazi ina faida kuliko kiasi cha pesa. Hulipiwa paa lisiloshika moto, wavu wa chuma wa matundu madogo kwenye sehemu za kupitishia hewa, na mifereji ya paa isiyokusanya majani. Tena husafishwa ukanda wa mita moja na nusu kuizunguka nyumba, usibaki na kitu cha kuungua: kuni, ua wa miti, kapu la nguo kuukuu, vyote viondoke. Sababu ni cheche. Moto wa msituni mara nyingi haufiki nyumbani kama ukuta wa ndimi. Hutanguliza cheche zilizobebwa na upepo, nyingine zikatua mbali sana mbele ya moto wenyewe, zikajiingiza kwenye majani makavu ya mfereji au kwenye tundu la dari. Mji wa Paradise uliteketea namna hiyo Novemba 2018. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakaangamia. Lahaina, mji wa kale wa ufukweni kule Hawaii, uliungua Agosti 2023 kwa upepo mkali na mkavu wa siku moja, na waliokufa walikuwa kama mia moja. Anayeijua Lamu akisoma habari za Lahaina, barabara nyembamba, majengo ya zamani, bahari iko pale pale na haikusaidia kitu, hatapata usingizi mzuri.

Njia hii ina udhaifu wake. Ni ya polepole, ina makaratasi, na huwafikia wachache. La pili ni kubwa zaidi: nyumba iliyoimarishwa ikiwa imebanwa na tatu zisizoimarishwa, zile tatu zikiwaka zinakuwa ndizo kuni zake. La tatu ni kwamba mkono unaotoa unaweza kufumba. Aprili 2025 FEMA ilitangaza kuufunga mpango wake mkubwa wa ruzuku za kinga kwa jamii, BRIC, na majimbo kadhaa yakakimbilia mahakamani. Colorado walipita njia nyingine, wakawa wanawarudishia wenye nyumba sehemu ya gharama kwa kuwapunguzia kodi ya mapato. Ni wazo zuri kwa mwenye payslip. Mvuvi wa Kizingitini atapunguziwa kodi ipi?

Kinga ya kijiji kizima

Mfano unaotufaa zaidi hauko Marekani. Uko Japani, kwenye kijiji cha Shirakawa-go. Kiliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1995, miaka sita kabla ya Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingia 2001. Nyumba zake zina mapaa ya nyasi nene yenye mteremko mkali, za mbao ndani, zimekaribiana. Kwa moto, hali ni ileile yetu.

Wao hawakumwachia kila mtu paa lake. Walizungushia kijiji makumi ya mizinga ya maji, iliyofichwa ndani ya vibanda vidogo ili isiharibu sura ya mahali. Maji hutoka kwenye hifadhi iliyo juu mlimani na kushuka yenyewe, kwa hiyo hata umeme ukikatika mizinga inafanya kazi. Kila vuli huifungua yote kwa pamoja kuijaribu, na watalii hufurika kutazama. Wakazi hupokezana zamu za kuzunguka kijijini wakikumbushana kuangalia moto. Kwa kuwa kijiji kimetengwa kisheria kuwa eneo la kuhifadhiwa tangu 1976, serikali huchangia matengenezo, na kuezeka upya kwa kawaida yao ni kazi ya majirani, wote juu ya paa moja kwa siku moja.

Ukiziweka njia hizi mbili pamoja, tofauti ni hii: California pesa inaishia kwenye mlango wa mtu, Shirakawa-go pesa inaishia barabarani. Kwa mtaa wa nyumba zilizotengana mita hamsini hamsini, ya kwanza inatosha. Kwa Langoni, ambako kipaa cha huyu kinakaribia kugusa cha yule, ile ya kwanza ni kutupa pesa mpaka ya pili iwepo.

Lamu haina mlima, hilo ni kweli. Ina bahari, na wengi hudhani kwa hiyo maji si tatizo. Nenda ukasimame mbele ya gati wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa, uangalie umbali kutoka ukingo wa ukuta mpaka maji yalipo, na tope lililo katikati. Pampu ya petroli haiwezi kufyonza maji kutoka chini sana. Ikipita mita saba hivi kwenda juu, inazunguka bure. Bomba la kufyonzea la mita tano lililofungwa kwenye pampu mpya linalopendeza machoni linafaa maji yakiwa yamejaa tu, na moto hausubiri maji yajae. Mtaa ukinunua pampu, ununue bomba refu la kufyonzea, chujio la mwisho wa bomba lisizibwe na tope, na mipira ya kupelekea maji ya kutosha kutoka ufukweni mpaka nyumba ya mwisho. Pampu yenyewe ndiyo rahisi.

Chanzo cha pili kiwe cha nchi kavu: kisima, birika la msikiti, au tangi la lita 10,000. Pampu ya kawaida ya inchi mbili, hizihizi wanazomwagilia mboga, hutoa kama lita 500 kwa dakika. Tangi hilo litakwisha kwa dakika ishirini. Linaonekana si kitu, lakini dakika ishirini za kwanza ndizo zenye maana. Baada ya kutumia maji ya chumvi, pampu ipitishwe maji yasiyo ya chumvi kabla ya kuwekwa, la sivyo msimu ujao itakuwa chuma chakavu. Na iwe juu ya mkokoteni unaopita kwenye vichochoro. Pimeni kichochoro chembamba kuliko vyote ndipo mwende dukani.

Bima

Bima hailindi nyumba na moto. Hulinda mfuko baada ya moto. Wengi huchanganya.

Kampuni hugawa majengo kwa vile yalivyojengwa. Nyumba ya mawe yenye paa la mabati, vigae au zege hupata kiwango cha chini, mara nyingi hakifiki hata asilimia moja ya thamani ya jengo kwa mwaka. Ukitaja makuti, mazungumzo hubadilika: malipo hupanda, masharti huongezeka, wengine hukuomba radhi na kukuaga. Nyumba ya udongo na makuti huwa na wakati mgumu zaidi.

Kuna mtego mmoja ambao huwaumiza watu wazima na akili zao. Tuseme kuijenga upya nyumba yako kutagharimu shilingi milioni 4, nawe, ili upunguze malipo, ukaikatia bima ya milioni 2. Moto ukala hasara ya milioni 1. Utasema, mimi nina bima ya milioni 2, hii milioni 1 italipwa yote. Hailipwi. Kampuni itasema umekata bima ya nusu ya thamani, basi itabeba nusu ya hasara: laki tano, na bado itatoa ile sehemu ya kwanza unayopaswa kubeba mwenyewe. Kwa hiyo kadiria gharama ya kujenga upya kwa bei za leo, na usichanganye na bei ya kuuza. Kiwanja hakiungui.

Kwa Mwislamu anayekwepa bima ya kawaida, takaful ipo Kenya, na huwakusanya washiriki kwenye mfuko wa kusaidiana. Maswali ya kuuliza ni yaleyale: makuti mnayapokea? Mnataka niweke nini ndani? Mnalipa kwa thamani ipi?

Sacco, chama na mchango

Msaada tunaouzoea huja majivu yakishapoa. Msalaba Mwekundu hufika na mablanketi na sufuria, viongozi huleta mabati na unga mbele ya kamera, na kundi la WhatsApp hupokea michango ya M-Pesa kutoka Mombasa mpaka Dubai. Hauna ubaya. Lakini hakuna anayechangishiwa paa la mabati kabla halijaungua la makuti, na hata mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, NG-CDF, kisheria ni wa miradi ya jamii, haujengi paa la mtu.

Sacco ndiyo njia iliyo karibu kwa mwenye mshahara au biashara inayoonekana. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, kwa riba ya kama asilimia 1 kwa mwezi kwenye deni linalobaki. Ukichukua 200,000 kwa miezi 24 kwa riba hiyo, utalipa takriban 9,400 kila mwezi, na jumla ya riba itakuwa kama 26,000. Si mbaya kwa paa litakalokaa miaka mingi. Ni mbaya sana kwa makuti mapya, maana kabla hujapumzika na deni unaanza kuyaona yakichakaa. Asiyetaka riba aulize kama sacco yake au benki ya Kiislamu itamnunulia mabati na kumuuzia kwa faida iliyotajwa mapema.

Chama cha mtaa hakiwezi kumwezekea mtu paa, lakini kinaweza kununua kile ambacho hakuna mmoja angekinunua. Nyumba arobaini zikitoa shilingi 500 kwa mwezi ni 20,000. Kwa miezi sita ni 120,000. Hapo mnaanza kuzungumza habari ya pampu, mipira na mitungi ya kuzimia moto. Kikwazo chake kinajulikana: nani atakaa na funguo, nani atanunua petroli, na siku ya moto petroli itakuwepo? Andikeni majina mapema, wawili kwa kila wiki, na pampu iwashwe kila mwezi hata kama hakuna kitu cha kuzima. Pampu iliyofungiwa kwa mzee wa mtaa aliyesafiri kwenda arusini Malindi haina tofauti na kutokuwa na pampu.

Sasa paa lenyewe

| Paa | Cheche ikitua | Pesa | Shida zake pwani |
|---|---|---|---|
| Makuti ya kawaida | Hushika upesi | Nafuu kuanza, hurudiwa baada ya miaka michache | Huvuja, wadudu, bima ngumu |
| Makuti yaliyotiwa dawa | Huchelewa kushika | Makuti pamoja na dawa, na dawa hurudiwa | Mvua huosha dawa |
| Makuti ya plastiki | Hutegemea yalivyotengenezwa | Ghali kuanza | Jua kali. Mengine huyeyuka yakidondoka moto |
| Mabati | Hayashiki | Ya kati | Chumvi, joto, kelele za mvua |
| Zege au vigae | Hayashiki | Ghali kuliko yote | Uzito |

Kwa nini makuti ni hatari kiasi hiki? Fundi hukunja jani la mnazi juu ya upapi, akalishona, kisha hufunga kuti juu ya kuti kwenye fito kuanzia chini kwenda kileleni, kila moja likilifunika la chini yake. Ukilala chali ndani ya nyumba ukatazama juu, unaona mikia mikavu maelfu inaning'inia, na katikati yake hewa. Hiyo hewa ndiyo inayoifanya nyumba iwe baridi saa saba mchana, na ndiyo inayoulisha moto. Cheche ikipenya, moto hupanda kwa ndani kutoka chini hadi kileleni. Sasa mtu anasimama nje na ndoo, anamwaga maji juu. Paa lilishonwa ili maji yateleze yasiingie, nayo yanateleza kweli. Moto uko chini yake, mkavu. Ndiyo maana wazee wakiona moto hawakuhangaika na paa linaloungua. Walichukua miti mirefu wakalivuta chini la jirani lililofuata ili kuukata moto njia. Kila kundi la mtaa linalonunua pampu linunue na kulabu mbili za chuma zenye mpini mrefu. Ni za bei ndogo, na fundi vyuma yeyote anazitengeneza. Na mkubaliane mapema, mkiwa na akili zilizotulia, kwamba paa la mtu likivutwa kunusuru mtaa, mtaa utamwezekea upya. Bila makubaliano hayo hakuna atakayekubali liguswe lake.

Dawa za kuchelewesha moto nyingi ni chumvi za fosfeti ya amonia au za boroni. Zinafanya kazi, kuti lililotiwa dawa vizuri huungua kwa shida na hukupa muda wa kutoa watoto. Lakini chumvi huyeyuka majini, na masika yetu si ya mchezo. Anayekuuzia dawa muulize kwa maandishi inastahimili mvua kwa muda gani, kisha chukua kuti moja lililotiwa dawa, liache nje lipigwe na mvua msimu mmoja, ulijaribu kwa kibiriti mbali na nyumba. Ikiwa bajeti inatosha sehemu tu, tia dawa upande wa ndani juu ya jikoni, mahali ambapo mvua haifiki.

Mabati watu huyasema vibaya kuliko yanavyostahili. Hutia joto, ndiyo, na hewa ya chumvi huyala. Chagua mazito, yaliyopakwa aluminiamu na zinki, acha nafasi ya hewa chini yake, na ziba kwa wavu wa chuma mianya ya pembeni kati ya ukuta na paa. Mwanya huo ukiachwa wazi, cheche itaingia, na ndani utakuwa na mbao, maboksi na nguo. Bati halishiki, lakini nyumba itaungua chini yake.

Zege sina mengi ya kusema. Mwenye uwezo nalo hahitaji makala. Ila asiweke zege juu ya kuta za kale za matumbawe na chokaa bila mhandisi kuzikagua. Kuta hizo zilibeba boriti za mikoko na dari ya chokaa, na zege lina hesabu nyingine.

Kwa hiyo, nyumba yako ni ipi?

*Nyumba ya mawe, Mkomani.* Mwili wa nyumba hauna shida. Kuta nene na dari tambarare ya chokaa haviungui kirahisi. Kilicho hatarini ni kile kipaa cha makuti cha juu ghorofani mnapopunga upepo. Eneo la Mji Mkongwe lilitangazwa kuwa la kuhifadhiwa mwaka 1986, kwa hiyo kabla ya kubadilisha paa uliza ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Mabati yanayong'aa juu ya Mkomani hayatapita. Kwako pesa ianzie kwenye waya. Muite fundi umeme mwenye leseni akague nyaya zinazopita chini ya makuti, azipitishe ndani ya mabomba, na aweke swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Jiko na mtungi wa gesi visikae chini ya kipaa. Halafu dawa ya makuti, halafu bima. Usitegemee tangi la maji lililo juu ya nyumba kuzima moto. Likiwa mita mbili juu yako, maji yatatoka kwa kulegea, hayatafika kileleni. Litakufaa likiwa na pampu ndogo.

*Nyumba ya makuti iliyobanana na nyingine,* iwe Wiyoni, Matondoni, Faza, au Maweni na Kisumu Ndogo kule Malindi. Hapa ndipo pa chama na pampu kwanza. Pili ni jikoni: ukipata mabati machache tu, ezeka jiko, lililo mbali kidogo na nyumba. Tatu ni kuyabadilisha mapaa kwa mpangilio, kuanzia yale yaliyo upande upepo wa kaskazi unakotokea, maana cheche zitatoka huko wakati wa kiangazi. Msibadilishe ovyo, kila mwenye pesa na lake. Safu nzima ya mabati inakata moto, bati moja katikati ya makuti halikati. Bima hapa iacheni kwa sasa.

*Nyumba ya shambani,* Hindi, Mpeketoni, Ganda au upande wa Gede. Hii ndiyo inayofanana na ya California, na orodha yao unaweza kuifuata yote kwa jembe na panga bila kuomba ruzuku ya mtu. Mita moja na nusu kuizunguka nyumba iwe udongo mtupu au changarawe. Mpaka mita tisa hivi, nyasi ziwe fupi, na matawi yasiguse paa. Kutoka hapo mpaka mita thelathini, punguza vichaka visiwe mfululizo mmoja. Hatari kubwa ni Februari na Machi, watu wanapochoma mashamba wakisubiri masika. Kenya ina sheria ya moto wa nyasi, Sura ya 327, inayodhibiti uchomaji huo. Jirani akianza kukusanya takataka za kuchoma upepo ukivuma, mwendee mapema kwa maneno mazuri, mkubaliane achome asubuhi na mapema upepo ukiwa umetulia, mkiwa wote na maji karibu. Ukijenga upya, jenga kwa mabati. Shambani hakuna sababu ya makuti juu ya chumba cha kulala.

*Nyumba ya kukodisha wageni,* Malindi au Watamu. Wageni wanataka makuti, na nyumba nyingi za huko zina mapaa makubwa marefu yaliyounganishwa. Anza na bima ya kutosha, kwa sababu utadaiwa pia na mgeni aliyeumia. Kisha tenganisha mapaa: kati ya jengo na jengo paachwe nafasi, au pawe na kipande cha zege. Na mishumaa ya mapambo chini ya makuti ikomeshwe, hata mgeni akinung'unika.

Kuhusu kaunti

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaiweka zimamoto na usimamizi wa maafa mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo ruzuku ya kwetu, kama itakuja, itapitia Mokowe na Kilifi, ziliko ofisi za kaunti za Lamu na Kilifi, na itakuja kwa sura ya Shirakawa-go kuliko ya California: visima, mabomba, pampu, mafunzo. Jambo hilo lina tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayesimama kwenye baraza mwezi wa Mei akiomba pampu amechelewa mwaka mzima.

Nendeni Julai au Agosti, na msiende mkisema mnataka msaada wa moto. Pelekeni karatasi moja yenye idadi ya nyumba za makuti mtaani, upana wa kichochoro chembamba kuliko vyote, umbali kutoka nyumba ya mwisho mpaka maji yakiwa yamekupwa, kiasi ambacho chama kimeshaweka, na majina ya vijana watakaofunzwa kuiendesha pampu. Iwe na mihuri ya wazee wa mtaa, nakala moja kwa afisa wa wadi, nakala moja kwa diwani, na ya tatu ibaki nayo katibu, ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.